Mfungo wa Nauli ya Tanga

Alhamisi, 21 Oktoba 1971

Mwezi umeandama. Mtaa wetu wa Rahaleo, hapa Mtwara, wote umefunga leo, isipokuwa nyumba yetu na mbuzi wa Bwana Ismaili.

Jioni, kikao cha bajeti. Mimi mwenyekiti, mke wangu Helena mweka hazina. Makopo matatu mezani: chakula, kanisa, safari. La chakula linafunguliwa kila siku. La kanisa hujazwa Jumamosi na kumwagwa Jumapili. La safari nimelitikisa mbele ya mweka hazina. Limelia kidogo sana. Helena hakucheka.

Jambo lenyewe niliandike, nisije nikajidanganya baadaye. Helena ana mimba ya kwanza. Kwao mwanamke akijifungua mara ya kwanza huenda kwa mama yake, na mama yake yuko Tanga, kambi ya mkonge, tangu familia ilipovuka Ruvuma kutafuta kazi. Meli ya Dar es Salaam, ndiyo njia ya Tanga, inaondoka mwisho wa Novemba. Baada ya hapo mvua zitakata barabara, na wakala wa meli ameshasema mwanamke mwenye tumbo kubwa hapandi. Kwa hiyo ni meli hii au hakuna safari. Helena amesema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa kuzaa mbali na mama yake. Mimi pia naogopa. Sikusema, maana mwenyekiti hasemi hivyo.

Hodi mlangoni. Bi Mwajuma, mke wa Ismaili, na sahani ya futari: mihogo ya nazi, tambi, kaimati. Hutuletea kila Ramadhani ingawa anajua sisi ni Wakatoliki. Nimeitazama ile sahani, wazo likanijia likiwa limekamilika. Nitafunga! Mchana sili changu, jioni nala cha jirani. Kopo la chakula litapumzika, la safari litanenepa. Helena ameniuliza kama nimefikiri vizuri. Nimemwambia kufikiri ni kazi yangu.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimefunga. Mimi ni karani wa mizani katika bohari la korosho. Hadi adhuhuri nilikuwa hodari. Baada ya adhuhuri tarakimu zikaanza kuhamahama. Gunia moja nimelipima pamoja na mpagazi aliyekuwa ameliegemea. Mkulima akafurahi, akaniombea maisha marefu.

Nikapita dukani kwa Mehboob, ambapo kila siku hununua maandazi. Leo sikununua. Akauliza kama naumwa. Nikasema nimefunga. Akaweka mkono kifuani, akanifungia tende kwenye gazeti, akakataa pesa. Tende za bure siku ya kwanza!

Jioni Ismaili amenikuta barazani nikilingoja jua lizame. Ameuliza kama ni kweli nimefunga. Kweli. Ameuliza kama nimeamua mwenyewe au nimeshawishiwa. Nikasema nimeamua mwenyewe, kwa ajili ya familia yangu. Machozi yakamtoka. Akanikumbatia. Ismaili ni fundi baiskeli, kwa hiyo shati langu la kazini sasa lina mikono miwili ya grisi mgongoni.

Sielewi. Nadhani yeye funga inamshinda.

Jumapili, 24 Oktoba

Sahani zimeongezeka. Jana nyumba tatu, leo nyumba tano. Watu nisiowajua wananisalimia njiani. Mzee mmoja amenishika kichwa. Nimekula magimbi, uji wa pilipili manga, maharage ya nazi, samaki wa kupaka. Katika maisha yangu sijawahi kula hivi, nami nimefunga. Nashangaa kwa nini maskini wote hawajaligundua jambo hili.

Misa ya asubuhi nimepokea komunyo tumbo likiwa tupu kabisa. Mwalimu Custodio, katekista wetu, hana la kunilaumu.

Jumatano, 27 Oktoba

Balaa.

Nimefungua kopo la chakula nione linavyopumzika. Tupu! Nimemwita mweka hazina ajieleze. Helena akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Chombo cha jirani hakirudi kwake kitupu. Sahani tano zimekuja, sahani tano zimerudi, kila moja na chake: mchele, mayai, sukari, kunde. Nimesema sahani ni sahani, ioshwe na irudishwe. Helena amesema mimi naweza kufanya hivyo kama nataka, lakini yeye hatapita mtaa huu akiwa mke wa mtu huyo.

Nimeuliza tangu lini. Amesema tangu zamani, na kwamba kila mwaka hurudisha sahani ya Bi Mwajuma na mayai mawili ndani yake. Mimi nilidhani kuku wetu ndiye hatagi vizuri.

Kwa hiyo kadiri ninavyolishwa ndivyo ninavyofilisika. Nimelala chali nikilifikiria hilo mpaka kichwa kikaniuma.

Jumamosi, 30 Oktoba

Nimepata dawa. Mabibo!

Msimu wa korosho huu. Wakulima wananyofoa korosho, mabibo yanabaki chini ya mikorosho yakiliwa na nguruwe. Hayana bei. Mekundu, ya njano, yanapendeza machoni. Kuanzia leo kila sahani inarudi imejaa mabibo. Nimekwenda mashamba ya Likombe kwa baiskeli, nimerudi na gunia zima. Nimeliegemeza ukutani, upande wa jua, lisilowane.

Helena amesema labda leo leo tuyagawe. Nimemwambia sahani za leo zimekwisha rudi na mayai yangu. Mabibo yatasubiri sahani zijazo.

Jumanne, 2 Novemba

Mabibo hayakusubiri.

Nilizijaza sahani jioni, gizagiza, nikazipeleka mwenyewe ili kila mtu ajue zimetoka kwangu. Sikusikia harufu. Nilikuwa na mafua. Kumbe gunia lilikuwa limechacha siku tatu juani, na kila mtu wa Mtwara anajua bibo lililochacha linakuwa nini. Nimegawa uraka, pombe kamili, kwa nyumba tano za Waislamu, mwezi wa Ramadhani, kabla ya futari.

Nimejificha chooni nikisubiri mawe. Akaja Ismaili na wazee wawili. Nikatoka. Hawakugomba hata kidogo. Mzee mmoja amesema wameelewa. Amesema si wanaume wengi wenye ujasiri wa kutoa pombe yote nyumbani mwao na kuikabidhi hadharani. Wameizika nyuma ya nyumba ya Ismaili wakaniombea dua.

Nimesema ahsante. Mimi hata uraka sinywi, unanitia kiungulia.

Ijumaa, 5 Novemba

Aibu. Nisiandike. Naandika.

Njaa ilinizidi bohari likiwa tupu. Milima ya korosho pande zote. Nikachukua moja, mbichi, nikaing'ata ganda kwa meno. Mimi! Karani wa korosho, niliyewaambia watoto wote wa mtaa wasifanye hivyo. Mafuta ya ganda yameniunguza midomo yote miwili. Imevimba na kuchubuka. Kokwa lenyewe sikulipata.

Jioni barazani wazee wameitazama midomo yangu wakatikisa vichwa kwa huruma. Nimemsikia Ismaili akiwaambia kwamba ndugu huyu hafungi mchana tu, hata usiku midomo haipumziki kwa kusoma Kurani. Nilitaka kukanusha, lakini maneno hayakutoka vizuri.

Zaidi ya hayo, Ismaili mwenyewe anang'aa. Anafunga, anatengeneza baiskeli, anapiga miluzi, na Tanga ameshakwenda mara mbili. Namchukia kidogo. Kesho nitawahi kufika barazani kabla yake.

Jumapili, 7 Novemba

Mwalimu Custodio amekuja baada ya misa. Amekaa. Amekataa maji. Ameniuliza kama nina jambo la kumwambia. Nikajua: mchango wa mabati ya kanisa. Nimelisukuma kopo la kanisa chini ya kiti kwa mguu.

Nimemwambia kwa adabu kwamba sasa hivi sina uwezo, mambo yangu yako upande mwingine. Ameuliza kama nimeamua kabisa. Nimesema nimeamua hadi Idi, baada ya hapo tutaona. Ameuliza kama Padre ajue. Nimesema Padre ajue tu, sioni kwa nini afichwe.

Naye machozi yakamtoka. Wanaume wa mwaka huu wana nini? Amebariki mlango wetu akaondoka bila kumaliza sentensi yake. Kwa mchango wa bati tu!

Helena alikuwa jikoni. Amesikia yote. Nimemwonyesha jinsi nilivyoliokoa kopo. Akalirudisha mezani.

Jumatano, 10 Novemba

Akina mama wa parokia wamevamia. Wanaongozwa na Mama Carlota, ambaye sauti yake inasikika hadi bandarini. Wameanza novena nyumbani kwetu, rozari kila jioni. Nimeuliza wanaombea nini. Mama Carlota amenitazama kwa uchungu, akasema wanamwombea mtu aliye katika hatari. Nimefikiri ni Helena na uzazi wake. Nimeguswa sana. Nimepiga magoti na kumwombea kwa sauti kubwa mtu huyo aliye katika hatari. Wote wakaacha kusali, wakanitazama.

Tatizo ni chai. Wageni wa sala hawaondoki bila chai na mkate. Sasa Waislamu wananimaliza kwa sahani na Wakatoliki wananimaliza kwa vikombe. Sukari imenunuliwa kutoka kopo la safari. Nimeichukua mimi, Helena hajui.

Ijumaa, 12 Novemba

Ismaili ameniuliza napenda jina gani, Zuberi au Zakaria. Mtu mwema! Anafikiria mtoto wetu. Nimesema Zakaria zuri, liko hata katika Biblia. Wazee barazani wamefurahi kupita kiasi, wamelitamka mara nyingi wakinitazama mimi. Kisha fundi cherehani akaja na kamba, akanipima mabega, mikono, na kutoka shingoni hadi vifundoni. Hakusema sababu.

Nimekonda, ni kweli. Lakini sikujua nimekonda kiasi cha kupimwa sanda. Nimeshindwa kuuliza.

Nimemwambia Helena mtoto amepata jina na mimi huenda sina siku nyingi. Amewekelea mkono tumboni, akaniuliza jina limetoka kwa nani. Nikamwambia kwa Ismaili na wazee. Akaenda kusali.

Jumapili, 14 Novemba

Helena ameniuliza kama kuna jambo limebadilika moyoni mwangu ambalo sijamwambia. Nikajua amehesabu sukari. Nimesema ndiyo, lipo, lakini nitamweleza baada ya Idi, asinilazimishe sasa. Ameuliza kama nitaendelea kuwa mume wake. Swali la ajabu kwa ajili ya sukari. Nimesema hilo ni juu yake.

Amegeukia ukutani. Baadaye nimemsikia akizungumza na tumbo lake kwa Kimakonde, pole pole, akiliambia habari za bibi aliye Tanga, kwamba ana mikono mikubwa na hagombi. Nilisimama nje ya pazia. Nimeona haya. Nimekula mtaa mzima, na kopo la safari sasa halilii hata nikilitikisa kwa mikono miwili. Siku zimekwisha na mimi sijui nilipokosea.

Jumamosi, 20 Novemba

Idi.

Asubuhi nilikuwa na fulana, nikitafuta kitu cha kula. Hodi mlango wa mbele. Nikafungua. Ismaili, wazee, Mehboob na suti yake, fundi cherehani, nusu ya mtaa. Ismaili ameshika kanzu mpya iliyokunjwa na kofia iliyotariziwa juu yake. Akaniita Zakaria.

Hodi mlango wa uani. Mwalimu Custodio, Mama Carlota na novena nzima, rozari mikononi, wengine wameshaanza kulia.

Ismaili akaniuliza mbele ya wote kama niko tayari kutamka shahada. Custodio, kutoka uani, akaniuliza mbele ya wote kama nimeusahau ubatizo wangu. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Nikatazama kanzu. Urefu ulikuwa wangu kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwezi mzima, kila kitu, kwa mara moja.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari. Lakini nilimwona Helena kati ya milango miwili, mikono tumboni, ananisubiri kama watu wote, hajui mume wake ni nani. Nikasema. Nikasema sikufunga kwa ajili ya dini yoyote. Nilifunga ili nisinunue chakula, ili Helena apate nauli ya kwenda kuzaa kwa mama yake, na nauli yenyewe haipo.

Ismaili akauliza, taratibu, kama ile midomo pia. Nikasema korosho mbichi. Akauliza na pombe. Nikasema mabibo yaliyochacha. Hakunitukana. Aliikunja kanzu upya, ingawa ilikuwa imekunjwa tayari, akaondoka, wengine wakamfuata. Afadhali angenipiga. Mwalimu Custodio alianza kumshukuru Mungu, kisha akakumbuka akina mama walivyokuwa wakichubua magoti kila jioni kumwombea mtu mwenye njaa. Naye akaondoka.

Helena akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha kicheko kikageuka kilio. Amesema alijua amenipoteza. Amesema alikuwa akijiandaa kwenda kuzaa bila mama na kurudi katika nyumba isiyo na mume. Nimekaa sakafuni pamoja naye. Nampenda sana, na sijui kufanya lolote.

Jumapili, 21 Novemba

Hakuna anayenisalimia. Kanisani nimekaa benchi peke yangu. Mtaani mbuzi wa Ismaili tu ndiye aliyenisogelea.

Alasiri Bi Mwajuma ameingia kwa mlango wa mbele na Mama Carlota kwa mlango wa uani. Hawakuwa wamepatana, wamekutana tu juu ya mkeka wa Helena. Mimi wamenitoa nje. Nimekaa chini ya dirisha.

Bi Mwajuma amesema mwanamke haadhibiwi kwa upumbavu wa mumewe. Amesema yeye alizaa wa kwanza bila mama yake, na mpaka leo akikumbuka sauti yake mwenyewe siku ile anaziba masikio. Mama Carlota, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu, amesema ni kweli tupu. Kila mmoja amefungua fundo la khanga. Wanawake wa mtaa na wanawake wa parokia wamechanga. Nauli ya mtu mmoja imetimia.

Bi Mwajuma akaweka sharti: nauli inakaa kwake mpaka siku ya meli. Nimewaambia kupitia dirishani kwamba kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa bajeti, ingekuwa vyema kama ningeizungusha kidogo siku hizi chache, ikazaa.

Wamefunga dirisha.

Jumamosi, 27 Novemba

Helena ameondoka.

Sanduku lake limepelekwa bandarini na Ismaili kwa baiskeli. Sikumwomba. Hakunitazama njia nzima, lakini alilifunga kwa mpira mahali panne na akalishika kwa mkono kwenye mashimo. Gatini nilijaribu kumwomba radhi. Amesema kanzu anaitunza, na siku nitakapolifikiria jambo lile nikiwa nimeshiba, niende kumgongea. Kisha akanipa mkono. Wangu una grisi bado. Sikuufuta.

Helena amenishika uso. Ameniomba kitu kimoja: nisipange lolote. Nile, nifanye kazi, nisali, nimsubiri. Nimeahidi. Nimelia mbele ya wapagazi wanaonijua. Meli imepiga honi na sikuweza kumwona tena kwenye umati wa sitahani.

Jumapili, 28 Novemba

Majilio yameanza. Nyumba kimya. Nimepika ugali nikaunguza.

Nimefikiri: mtoto akizaliwa lazima nimwone. Nauli ya Tanga, kwenda na kurudi. Sijapanga chochote, nimefikiri tu. Na kufikiri sikuahidi kuacha.

Baada ya misa nimesikia kuna matanga Likombe, mzee mmoja wa Kimakonde amefariki, sufuria kubwa ziko motoni. Msibani mtu hula bure na hakuna anayemletea sahani nyumbani. Namna gani sikuona hili mapema? Nimekwenda. Wameniuliza mimi nani wa marehemu. Nimetazama: ndugu wamekaa mbali, wapwa wamekaa karibu na sufuria. Nikasema mimi mpwa, mtoto wa dada yake, wa kule Mahurunga.

Wamenipokea vizuri ajabu. Kumbe walikuwa wakitafuta mpwa mkubwa wa kiume, hakuonekana, na wazee walikuwa wameanza kukata tamaa. Wameniketisha mkeka wa mbele na kunipa mapaja mawili ya kuku. Kisha mzee wao amesimama na kuniuliza mbele ya ukoo mzima kama nakubali kulibeba jina la marehemu. Mimi nilikulia misheni, mila hizi sizijui sana, lakini jina halina uzito wala gharama. Nikasema nakubali. Vigelegele.

Wajane wake wawili wamekuja kunipigia magoti, na watoto wote wamepanga mstari kunishika mkono, mmoja mmoja, hadi yule anayebebwa. Watu wenye adabu kweli kweli. Wameniambia nirudi siku ya arobaini nikiwa na nguo safi na sanduku langu, wajane watakuwa wamenifagilia nyumba. La sanduku sijaelewa, lakini naambiwa siku hiyo anachinjwa mbuzi.